Salamu za Macho Chini

Mtaani walimwita Macho Chini, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Mama huyu mngekutana njiani uso kwa uso, wewe salamu umeshaiweka mdomoni, naye angetazama viatu vyake akapita. Watu wa mtaa hawana muda wa kuchunguza, wakaamua mapema kwamba anajisikia. Wengine walimtetea kidogo: ni mjane wa siku nyingi, binti yake wa pekee kaolewa mbali, na mtu akikaa peke yake sana hata ulimi hushika kutu. Muuza mkaa wa jirani, ambaye ulimi wake haujapata kushika kutu tangu azaliwe, alisema kumsalimu yule ni kumpigia mbuzi gitaa.

Hawakujua kwamba kule kunyamaza kulikuwa sehemu ya kazi yake.

Alikuwa mshauri wa vijana katika kituo cha afya. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, zamani stoo ya vitanda vibovu, na kitanda kimoja bado kilisimamishwa nyuma ya mlango kwa sababu hakuna mkubwa aliyekubali kutia sahihi kitolewe. Ndani mlikuwa na viti viwili, meza, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu yake ili wapitao wasichungulie. Saa ya ukutani aliitundika nyuma ya kiti cha mgeni, ili anayelia asione muda wake unavyoisha. Mwanzoni mlangoni palikuwa na kibao kilichosema Afya ya Akili kwa Vijana, na kibao kile kilifukuza vijana kuliko mbwa mkali. Alikitoa mwenyewe kwa bisibisi. Mlango wa pili ulikuwa wa daktari wa meno, basi vijana wakawa wanakaa kwenye benchi la wagonjwa wa meno, wameshika mashavu, wakingoja zamu ya mlango mwingine. Ukisikia walivyoaga nyumbani kwao, ungedhani vijana wa mtaa ule wanatafuna kokoto.

Kanuni yake ya salamu za njiani ilitokana na kisa. Mhudumu mmoja wa kituo, moyo mzuri lakini mdomo hauna mlango, alimkuta mmoja wa vijana wao uwanja wa mpira akiwa na wenzake. Akamwita kwa furaha, akamuuliza kama siku hizi usingizi unakuja. Wenzake wakataka kujua huyu mama kamjulia wapi, na habari za usingizi ni za nini. Kabla jua halijazama kijana alikuwa keshaitwa kichaa, na kituoni hakukanyaga tena. Tangu hapo mshauri akawa anamwambia kila kijana siku ya kwanza, hata kabla ya kumuuliza linalomsibu: nje ya chumba hiki mimi sikujui mpaka wewe unijue. Ukinisalimu nitaitika. Usiponisalimu nitapita, na asiudhike mtu.

Vijana waliipenda kanuni hiyo, na ilikuwa nzuri kweli. Lakini vijana walikuwa wengi, nao wana mama zao na shangazi zao na marafiki, na mtu hana chapa usoni ya kuonyesha yeye ni wa nani. Mshauri akaona usalama ni kutazama chini kwa wote. Salamu humtoka mtu kama nywele, moja moja, mpaka siku anajipapasa kichwani na kushtuka. Jioni alikula peke yake akisikiliza kipindi cha salamu redioni. Fulani anamsalimu mkewe, mwingine anawasalimu wajomba zake wote, na mwisho mtangazaji husoma, "na wengine wote wanaonifahamu." Hapo ndipo alipojihesabu kuwa naye yumo.

Basi akaja Uzi. Hilo ni jina la utani alilopewa baadaye kwenye karakana ya kushonea, kwa wembamba wake. Alikuwa yatima aliyelelewa kwa shangazi yake, na hospitali kubwa ndiyo iliyomleta, baada ya kutaka kujidhuru na kuwahiwa. Shangazi alimfikisha getini akabaki nje, akisema ana haraka.

Siku ile binti alisema jambo moja tu lililoeleweka. "Nyumbani hakuna anayenipiga, hakuna anayenitukana. Wananipita tu."

Kisha akalia. Polepole, katika ziara zilizofuata, habari ikatoka yote. Tangu arudi hospitalini, watu wa nyumba ile walikuwa wakimwogopa. Chakula chake kilifunikwa na kuachwa mlangoni pa chumba chake. Binamu zake walikatazwa kulala naye. Asubuhi, nyumba nzima ikijuliana hali, akitokea yeye watu wanakumbuka wana kazi za haraka. Ungedhani ugonjwa wake unaruka kwa njia ya mdomo.

Lakini ile siku ya kwanza alilia kwa namna ambayo mshauri aliacha kila kitu, akavuta kiti chake, akakaa kando yake mpaka muda ukaisha. Kanuni ya salamu haikutajwa. Ziara ya pili mshauri aliamini ameshaisema, kwa kuwa kwa kila mtu huwa ameshaisema.

Zamu ya Uzi ilikuwa Alhamisi saa nne. Miezi ilivyopita akaanza kuonekana mtu. Dawa alizoandikiwa na daktari wa akili, ambaye alifika kituoni kwa mwezi mara moja, zilimtuliza. Akapata pa kujifunza ushonaji. Siku moja alikitazama kile kitanda nyuma ya mlango, akauliza kama hicho ndicho cha kulalia wale wanaochelewa kumaliza kulia, na mshauri akacheka mpaka akatoa miwani. Hakukumbuka lini alicheka vile.

Halafu wakakutana mtaa wa mafundi. Uzi alikuwa na wanafunzi wenzake wa ushonaji, nguo za wateja begani. Alipomwona mshauri uso wake ukafunguka, akapunguza mwendo, akasimama akitabasamu kama mtoto anayengoja kuitwa. Mshauri aliona lile tabasamu. Aliona pia wenzake wanageuka kutazama huyo anayechekewa ni nani. Akatazama viatu vyake, akapita. Alifika nyumbani ameridhika kwamba amemlinda binti wa watu.

Alhamisi iliyofuata Uzi hakuja. Simu yake haikupatikana. Alhamisi nyingine kiti kikabaki kitupu vilevile. Daktari wa akili alishauri nafasi ile apewe mwingine, maana wanaosubiri ni wengi na vijana wakipata nafuu huacha. Alisema kweli, lakini mshauri hakuitoa nafasi. Akaenda kwa shangazi.

Shangazi alimpokea mlangoni, mkono ukiwa kwenye komeo. Akasema Uzi amehamia karakana, analala huko huko kwenye mabaki ya vitambaa. Hasemi na mtu. Dawa zake zote kaziacha hapa, ziko juu ya kabati. Ndivyo alivyokuwa kabla ya yale ya mwanzo, shangazi akaongeza kwa sauti ndogo, na ikaonekana kwamba kumbe mwoga huyu alikuwa akimwangalia siku zote.

"Nilimwuliza kwa nini haendi tena kwako," akasema. "Akajibu hata yule anayelipwa kunisikiliza ananipita."

Mshauri alisimama pale akirudisha kumbukumbu nyuma, akitafuta siku aliyomwambia Uzi ile kanuni. Alisikia sauti yake akiwaambia wengine, mmoja baada ya mwingine. Kwa Uzi hakuisikia. Akaomba kiti, na shangazi akamletea.

Kumfuata karakana ilikuwa kazi nyingine. Akiingia kama mshauri, atakuwa amemvua nguo binti mbele ya wenzake. Asipokwenda, binti yuko bila dawa na bila neno, na mshauri alijua vizuri njia ile inakoelekea. Akafungua sanduku, akatoa kitambaa alicholetewa na binti yake zamani, ambacho hakukishona kwa kukosa pa kukivalia. Akaenda kama mteja.

Fundi mwenye karakana, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, nusura azimeze alipomsikia akiagiza gauni. Kumbe Macho Chini ana sauti. Akamwita Uzi aje ampime mgeni.

Uzi akaja na futi yake. Alikuwa amekonda zaidi, macho hayana mtu ndani. Akampima mabega, akampima kifua, bila kumtazama usoni. Alipoinama kupima urefu, mshauri akaona asiposema sasa hatasema tena. Akachagua maneno ambayo hata yakisikiwa na karakana nzima hayatamwaga siri.

"Mwanangu, siku ile nilikukuta njiani nikakupita bila kukusalimu. Kosa ni langu, si lako. Nakuomba unisamehe."

Cherehani zikanyamaza. Fundi akacheka, akatoa pini. Akasema mama huyu akianza kuomba msamaha kwa kila aliyempita, mwaka utakwisha hajamaliza huu upande mmoja wa barabara. Yeye mwenyewe kapitwa mara ngapi. Muuza mkaa kapitwa. Hata mwenyekiti wa mtaa kapitwa, akiwa na suti.

Futi ikasimama. Uzi akainua uso kwa fundi. "Anawapita wote?"

"Wote," fundi akasema. "Ndiyo jina lake."

Uzi akamtazama mshauri kwa muda, akimpima upya. "Na wewe," akauliza, "nani anakusalimu?"

Mshauri alizoea kuuliza maswali ya namna hiyo, kuulizwa hakuzoea. Akatafuta jibu la kitaalamu, likakosekana, likaja la kweli. "Redio," akasema.

Wanafunzi wakaangua kicheko. Uzi hakucheka. Aliinama akamalizia kupima, taratibu, akauliza gauni linatakiwa lini. Mshauri akajibu siku yoyote isipokuwa Alhamisi saa nne, maana saa hiyo ana mtu wake. Hata asipokuja, yeye hukaa akamngoja.

Alhamisi akakaa. Alisikia mashine ya daktari wa meno ikilia, ikanyamaza, ikalia tena. Saa ikatembea mbele yake ikamaliza muda wote, na kiti hakikukaliwa. Aliona huzuni yake kama ilivyo, bila kuitafutia jina la kazi: alikuwa amempoteza binti huyu, na alikuwa amechoka kupita watu. Akachukua mkoba, akafunga mlango.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwenye benchi, katikati ya wagonjwa wa meno, alikaa Uzi, hakushika shavu. Mshauri akatazama chini kwa mazoea, akaanza kupita.

"Shikamoo, mama."

Ilisemwa kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. Mashavu yote yaliyoshikwa yakageuka. Mshauri akasimama. Akainua macho.

"Marahaba, mwanangu." Halafu, kwa sababu watu walikuwa wakiwatazama, na kwa sababu alitaka kumwachia binti mlango wa kutokea, akauliza kama gauni lake liko tayari.

"Gauni bado," Uzi akasema. "Nimekuja mimi."

Mshauri akatafuta ufunguo ndani ya mkoba, akarudi kufungua.