Bomba la Moshi la Ambondrona

Jamani, mwenzenu nimeumbuka! Bendera ya uhuru bado haijapauka, madamu mmoja Mwingereza akaniita kutoka Mahajanga nimjengee kule Ambondrona, kisiwani Nosy Be, nyumba ya paa la nyasi kama ya bibi yake Uingereza. Picha aliyonipa ilinitia wazimu: paa nene kama godoro, madirisha yakichungulia chini yake, meko sebuleni na bomba la moshi juu!

Kwetu jiko liko uani. Nani mwenye akili awashe moto chini ya nyasi? Nikaona ni mapambo tu, bomba nikalijaza matofali na saruji.

Juzi, siku ya kuhamia, nikajigamba kwa wageni barazani: "Bomba hili halipitishi hata tone la mvua!"

Mlango ukafunguka. Madamu akatoka na wingu la moshi, anakohoa, birika mkononi.

"Wala moshi, fundi. Wala moshi!"