Shikamoo Katikati ya Gwaride

Majina ya watu wote wa kambi ile ninayo, hata ya kurutu waliotoroka, lakini wajukuu wao wapo na sitaki kuwasema.

Mume wangu alikuwa na tepe moja jeshini, kambi yetu ikiwa upande wa Ibadakuli, kabla ya ile vita ya pili. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Siku moja wakaletwa kurutu wapya, na mmoja ni mjomba wangu, kitinda mimba wa kwa kina mama. Kwetu Wasukuma huyo ni mkwe wa mume wangu. Hata kula naye sahani moja hawezi. Sasa amwamrishe! Kwenye gwaride, mume wangu alipofika mbele yake akainama, akasema, "Shikamoo, baba."

Uwanja mzima ulicheka. Sisi wanawake tuliokuwa tunatwanga tukaacha michi. Bwana ofisa akasema tepe ivuliwe. Na tepe ikivuliwa, nyumba ya kambini nayo basi, nirudi kwetu na tumbo langu na aibu.

Wakati huo sajinmeja alikuwa ameambiwa achague kundi moja tu la kufundisha uongozi: wenye tepe tatu, mbili au moja. Kila mtu alijua atachukua wa tepe tatu. Mume wangu, amesimama pale wima, akamsikia akijibu:

"Bwana, wa tepe tatu wameshajua kufoka. Huyu wa tepe moja ndiye anayeshinda na kurutu. Wakiharibika, wanaharibikia mikononi mwake. Nipe hawa wa tepe moja, na huyu awe wa kwanza."

Bwana akanuna, akakubali tepe ikae, ila mpaka siku ya ukaguzi tu.

Jioni sajinmeja akaja mlangoni kwetu na mjomba.

"Shikamoo ibaki hapa nyumbani," akasema. "Kule uwanjani ni amri. Mjomba, unamruhusu?"

"Namruhusu. Ila akinitukana, namnyang'anya mke!"

Mimi nikacheka. Mume wangu akatazama chini tu, maskini.

Sajinmeja akamfundisha yeye na wenzake kila asubuhi. Siku ya ukaguzi, nikiwa jikoni, nikasikia sauti ya mume wangu inatetemeka: "Nyuma geuka!" Kisha kwa nguvu: "Upesi, kurutu, wewe wa mwisho!" Wa mwisho alikuwa mjomba. Akageuka.

Tepe ikabaki. Mwanangu alizaliwa palepale kambini, na sajinmeja akatuletea kibuyu cha maziwa. Mungu amrehemu mzee yule. Wakubwa walikuwepo wa kuwashughulikia, yeye akaanzia kwetu sisi wa tepe moja.