Jina Lililotiwa Bei

Siku nilipofika Koboko nikiwa bibi arusi naikumbuka hadi leo, mwanangu. Nilitoka kwetu Arua kuolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye binti mdogo, Poni. Wote walinipokea vizuri, ila Poni hakuwa na jina la kuniita. Akitaka maji, alisimama mlangoni akinitazama mpaka nigeuke. Wahenga wamesema kuzaa si kazi, kazi kulea; nami sikuwa nimejaribu lolote kati ya hayo mawili.

Nikabuni hila. Nilifinyanga madonge ya simsim, yaani ufuta, na asali, nikamwambia, "Ukiniita mama, nakupa moja."

Weee! Aliniita mama jikoni, akaniita mama kisimani, akaniita mama hata nikiwa naoga. Nikajiona nimefika.

Kisha simsim ikaisha, na mavuno yalikuwa mbali. Poni akachungulia chungu, akauliza, "Simsim hapana iko?" Nikamwambia imekwisha. Tangu hapo akarudia kusimama mlangoni kimya.

Nililia mbele ya mafiga. Mama mkwe akanikuta, akaketi kando yangu.

"Binti yangu," akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, "mutoto hapana naita wewe. Yeye iko naita simsim."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Wacha kununua yeye. Suka yeye nywele. Ngoja."

Nikamsuka, tukapanda karanga pamoja. Simsim ilipopatikana tena, nilimpa bila kumdai neno. Mvua zikaja, zikapita. Jioni moja akarudi kutoka shuleni mdomo umepasuka. Akampita baba yake, akampita bibi yake, akajitupa kifuani pangu.

"Mama, wameniangusha!"

Mikono yangu ilikuwa na unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Nikamkumbatia hivyo hivyo, tukawa weupe sote wawili.

Sasa nasikia unamwahidi mtoto wa mumeo simu ili akuheshimu. Mwanangu, anayekulimia shamba mlipe, tena mapema; hiyo ni haki yake. Lakini pale unapotaka moyo wa mtu, usitie bei. Mtoto ataizoea bei, wewe hatakujua. Kaa naye, mtendee mema bila kumhesabia. Subira huvuta heri, hata kama njiani inauma.

Mungu akupe moyo usiochoka, na siku mtoto huyo atakapokuita mwenyewe, akukute karibu.