Nyumba ya Mama Inauzwa Huku Mbooni

Mkiona tangazo la nyumba ya matofali inayouzwa huku Mbooni, vyumba vitatu, miti sita ya parachichi, maji karibu, jueni ni kwetu. Hayo "maji karibu" yaliandikwa na dada yangu Mwende, aliyeolewa mjini Wote akasahau mlima. Sisi tulioyabeba tunajua hiyo karibu ilivyotutoa jasho.

Enzi zetu nyumba haikuletwa na lori. Mama aliita mwethya, akina mama kama ishirini wa kusaidiana kazi, wakafyatua matofali na kuyachoma huku wakiimba. Yeye aliwapikia muthokoi, na harufu ya yale mahindi na maharagwe ilitufanya tuache mpira wa kati na gololi za bano katikati ya mchezo. Sisi watoto sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kupanda kutoka mtoni mikono mitupu. Kila jioni baada ya shule, mkebe mmoja wa mchanga. Mimi nilijaza majani chini, mchanga kidogo juu. Mama aliuinua ule mkebe, akanitazama, akasema, "Huyu atajengewa chumba cha majani."

Na ni mimi nimebaki kulala humo, miaka arobaini na kitu. Wenzangu wote walishuka mlima. Mimi hata nikienda sokoni Mukuyuni nawaza saa ya kurudi. Sasa magoti ya Mama yamekataa njia yetu, anakaa kwa Mwende, na tulikubaliana tuuze tumjengee mahali tambarare. Kukubali nilikubali, kwa mdomo. Lakini wanunuzi walipokuja, kijana na mkewe, nilikuwa nimejipanga kuwatisha warudi walikotoka.

Nikaanza na ukuta uliopinda. Nikajikuta naeleza kwamba mvua iliwapata akina mama wakiujenga, na hakuna aliyekimbia hadi ulipofika dirishani. Nikawapeleka jikoni waone masizi. Kumbe namsifu Mama, jinsi alivyoanika mbegu juu ya moshi ule, na mwaka wa njaa majirani wakapanda mbegu zilizotoka kwetu. Kila kasoro niliyoitoa iligeuka sifa mdomoni mwangu. Yule mke aliuwekea ukuta kiganja. Wakasema wanaichukua, na hawataibomoa. Mimi ndiye dalali bora Makueni nzima, na sikujua.

Nikampigia Mama, nikitumaini atageuza nia. Akauliza kama huyo msichana anaonekana mtu wa kupika. Nikasema sijui. 

"Mwambie saa kumi aweke chai," akasema. "Mtu akipita njiani, aitwe. Hiyo nyumba imezoea."

Jamani, siku hizi mtu hupiga simu kwanza kabla ya kutembelea hata ndugu yake. Ukimwita mpita njia, atadhani unamuuzia sabuni. Vijana wetu wanahama na begi na chaja, na hawajui jirani anaitwa nani. Lakini nikaupeleka ujumbe kama nilivyopewa. Yule mke hakucheka. Aliutazama mlango wetu, halafu njia.

"Na wakija wengi?" akauliza.

Nikamwambia enzi zetu tulikuwa tunaongeza maji.