Nilivyojifunza kupiga shabaha inayotembea, na kosa la mwenzangu nililoliona nikanyamaza

Wakuu, heshima kwenu. Na dada zangu mnaosoma humu kimyakimya bila kuandika neno, nawaona na nawasalimu pia.

Nimekaa na hili jambo miezi kadhaa. Leo nimeamua kulitua. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mbaya nitasema nilikuwa mbaya, msije mkaniambia nimejipamba.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, naishi Milanzi, hapa Sumbawanga. Niiteni Mama Neema. Kazi yangu ilikuwa ulinzi wa silaha kwenye maghala ya mahindi. Miaka kumi na moja nasimama getini na bunduki ya pump action begani.

Walio nje ya mkoa huu hamjui baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita na upepo wake. Unasimama saa kumi na mbili mfululizo, mwisho magoti yanakudai.

Langu la kushoto ndilo lililoanza. Mwaka juzi daktari alinitazama akasema, "Mama, kazi ya kusimama tafuta mtu mwingine aifanye." Kama vile nina mtu wa kumtuma.

Kwenye kampuni yetu mlinzi asiyeweza kusimama hana kazi. Hakuna kiti. Mkataba ukiisha unaambiwa asante, basi.

Sasa mkufunzi wetu wa shabaha akawa anastaafu. Tulimwita Afande tu, mzee wa Kifipa, mpole mpaka unamwonea huruma. Kampuni ikatangaza: atakayeongoza kwenye mashindano ya ndani ya tawi la Rukwa atapelekwa Mbeya kusomea ukufunzi, akirudi anashika nafasi ya Afande.

Mkufunzi anaweza kukaa anapofundisha. Mnanielewa? Ile nafasi ilikuwa goti langu, ada za watoto na heshima yangu, vyote kwa pamoja. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

Tatizo likawa moja.

Shabaha zilizosimama nilikuwa nazifumua vizuri tu. Lakini mwaka huo Afande alisema tupige kwa vitendo, kama wenzetu wanaoshindana huko duniani: unakimbia, unajificha, unapiga, saa inahesabu. Na akaleta shabaha mbili zinazotembea.

Ya kwanza tuliiita bembea. Ni bamba la chuma limening'inizwa. Ukiangusha kibao fulani kwa risasi, bembea inaachiwa na kuanza kuyumba kulia na kushoto nyuma ya pipa lililojazwa udongo. Katikati huioni. Inachungulia kushoto, inapotea, inachungulia kulia.

Ya pili ni kisahani cha udongo. Ukiangusha kibao chake, springi inakirusha juu. Una kama sekunde mbili, kisha kiko chini.

Shabaha utakayoiacha bila kupigwa inakuongezea sekunde kumi kwenye muda wako; risasi iliyopotea haihesabiwi. Mwenye muda mdogo ndiye mshindi.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilipiga risasi sita kwa hizo mbili. Sikugusa hata moja. Vijana walicheka, mimi nikajifanya nacheka nao.

Hapa naomba niwarudishe nyuma kidogo.

Nimezaliwa Ilemba, kwenye familia ya wakulima. Utoto wangu wote, mtama ukianza kukomaa, tulikuwa tunaamka kulinda ndege, wale kweleakwelea wanaokuja kama wingu. Tulitumia kombeo, ile kamba ya kurushia mawe. Kila mtoto wa kule anajua ndege humrushii alipo, unamrushia atakapofika. Na mimi kwenye kombeo nilikuwa moto. Hata kaka zangu wanakubali.

Kwa hiyo mbele ya bembea nilijiambia hii ni kazi yangu ya utotoni. Nikaona bamba linakwenda kulia, nikaelekeza mtutu mbele yake sana, nikavuta. Hewa tupu. Nikaongeza mbele zaidi. Hewa tupu tena.

Aliyenitoa gizani ni Masunga.

Masunga ni mlinzi mwenzangu, kijana wa miaka thelathini, Msukuma. Wazazi wake walihamia Ilemba na ng'ombe wao akiwa mdogo, kwa hiyo ni mtu wa nyumbani kabisa. Ananiita dada. Ana mkono mwepesi kuliko wote tawini, na kila mtu alijua nafasi ya Afande ni yake, labda ateleze.

Siku ya pili ya mazoezi alisimama nyuma ya mstari akanirekodi kwa simu. Tulipomaliza akanivuta pembeni, akanionyesha ile video kwa mwendo wa polepole.

"Dada, tazama vumbi kwenye tuta. Unapiga karibu mita moja mbele ya chuma. Hii siyo jiwe, hii ni risasi. Inafika kabla chuma hakijasogea."

Nilitazama mara tano. Kweli kabisa. Umbali ni hatua kumi na tano hivi, risasi inafika papo hapo, mimi namsubiri ndege wa Ilemba.

Angeweza kunyamaza. Nilikuwa mshindani wake. Aliniambia siku hiyohiyo, bila kuombwa, kisha akaenda zake kunywa uji.

Basi nikaanza kuusomesha mwili upya. Silaha haitoki ghalani, kwa hiyo nyumbani nilitumia mwiko wa kusongea ugali. Mume wangu alifunga mfuniko wa ndoo kwenye kamba pale kizingitini, akawa anausukuma, mimi naulenga kwa mwiko.

Ni mtu wa utani huyo. "Mama Neema, ule ugali utatoka na baruti." Majirani walidhani tumerogwa.

Lakini mfuniko ulinifundisha kitu ambacho wengi hawakijui. Kitu kinachobembea kinasimama. Kikifika mwisho wa safari yake, kabla ya kugeuka, kinatulia kidogo sana. Ukikikimbiza katikati utahangaika. Ukienda kukisubiri pale mwisho, mtutu umetulia, kinakuja chenyewe.

Kisahani nacho ni vilevile. Kikifika juu kabisa kinasimama kabla ya kushuka. Ugumu ni kukubali kusubiri. Roho inakwambia piga sasa, saa inahesabu, watu wanakutazama. Unaikatalia.

Ndani ya wiki tatu nikawa napiga. Siyo kila mara, ila napiga.

Sasa wakuu, sehemu ninayoionea aibu.

Kuanzia hapo nikawa natazama wengine kwa jicho jipya, na nikamwona Masunga. Yeye hakuwa anasubiri mwisho wa bembea, alikuwa anaifuata kwa mtutu. Nayo ni njia nzuri tu, ukiiweza. Lakini kila alipovuta triga, mikono yake ilikuwa inasimama. Anafuata vizuri, anafuata vizuri, anasimama, ndiyo anapiga. Chuma kimeshapita. Risasi inakwenda nyuma yake.

Alikuwa anapata moja, anakosa moja. Kwa sababu ni mwepesi kuliko wote hakuna aliyejali. Mwenyewe alikuwa anasema bembea ina bahati yake.

Haikuwa bahati. Nililiona kosa lake waziwazi kama alivyoliona langu.

Nikanyamaza.

Nilijiambia Afande ndiye mkufunzi, mimi ni nani. Nilijiambia yeye ni kijana, ana magoti mazima, atapata nafasi nyingine. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu. Jumatatu ilifika, akanipa mkono wa salamu, tukaongea habari za mvua za nyumbani, nikaenda zangu. Roho mbaya wakuu, siyo lazima uwe mchawi.

Mashindano yalifanyika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji, kibali kipo, askari wapo, kila kitu kwa utaratibu. Upepo ulikuwa mkali asubuhi ile mpaka bembea ilikuwa inacheza kabla hata haijaachiwa.

Mpaka tunafika kituo cha mwisho, mimi na Masunga tulikuwa sawa kabisa. Wengine walikuwa mbali.

Kituo chenyewe: vibao vitatu, kimoja kinaachia bembea, kingine kinarusha kisahani. Bembea inatakiwa ipigwe mara mbili. Jumla shabaha sita, na kila mtu anapewa risasi saba. Unaruhusiwa kukosa mara moja tu.

Masunga akatangulia. Jamani yule kijana ana kasi. Vibao vimelala kabla sijameza mate, kisahani kikawa vumbi. Akaja kwenye bembea. Ya kwanza akapata. Ya pili, mikono ikasimama, risasi nyuma. Risasi ya mwisho, mikono ikasimama tena. Nyuma.

Sekunde kumi.

Watu wakasema aah. Mimi nilijua atakosa kabla hajavuta.

Nikaingia. Vibao nililaza taratibu, goti linauma. Kisahani kikaruka, nikasubiri. Nilisikia mtu nyuma yangu anasema, "Ameganda huyu mama." Kikasimama juu, nikavuta, kikapasuka.

Bembea. Nikaweka mtutu kushoto kwa pipa nikaingoja. Ikaja, ikatulia, nikaigonga. Nikahamia kulia. Upepo ukaisukuma ikafika pengine kabisa, nikakosa. Nilibaki na risasi moja. Nikahesabu mwendo wake mara mbili nzima, muda unakwenda. Ya tatu ikatokea, ikatulia. Nikasikia chuma kimelia.

Nilikuwa nyuma ya Masunga kwa kasi, sekunde sita na kitu. Walipomwongezea zile kumi, nikamzidi kwa tatu na kidogo.

Masunga ndiye wa kwanza kuja kunipa mkono. "Hongera dada, umestahili." Nililia, watu wakadhani ni furaha. Furaha ilikuwepo, siwadanganyi. Ila haikuwa peke yake.

Nikaenda Mbeya, nikasoma, nikarudi. Nikakabidhiwa filimbi na daftari la Afande. Na kiti, cha plastiki, cha kwangu.

Darasa la kwanza kabisa nililopangiwa, watu tisa. Wa tatu kwenye mstari, Masunga.

Zamu yake ilipofika alifanya vilevile kama siku zote. Nikasimama nyuma yake nikamshika mabega yote mawili, nikamwambia, "Ukivuta usisimame. Mwili uendelee kuzunguka hata baada ya mlio, kama bado unaifuata." Akajaribu bila risasi mara kumi. Kisha nikampa risasi mbili.

Akapata zote mbili. Nikampa nyingine mbili. Akapata.

Alishusha silaha, akaifungua, akaihakiki kuwa iko tupu kama inavyotakiwa. Akageuka.

"Dada, hili uliliona lini?"

Wakuu, ningeweza kusema nimelisomea Mbeya. Alikuwa amenipa na mlango wa kutokea. Lakini nilikuwa nimechoka kulibeba.

Nikamwambia, "Wiki tatu kabla ya mashindano."

Hakufoka. Alisema polepole, "Mimi la kwako nilikwambia siku ileile."

Akarudi kwenye mstari.

Usiku ule nilijua hatakuja tena, atabadilishiwa lindo, au atawaambia wenzake na iwe haki yake. Kesho yake nilipofika uwanjani nilimkuta. Yuko peke yake, anafunga kamba ya bembea. Alinisalimia kama kawaida, akaniuliza tunaanza na nani. Nikamwambia tunaanza na wewe.

Na ndivyo tumefanya kila wiki tangu hapo. Tawi la Mpanda linatafuta mkufunzi wake. Barua ya kumpendekeza nimeiandika mimi kwa mkono wangu, na ndani yake nimeandika kwamba mimi nilichonacho nilionyeshwa na yeye. Bosi aliniuliza kama nina uhakika na hiyo sentensi. Nikamwambia aiache ilivyo.

Nilichojifunza kuhusu shabaha nimeshakisema: risasi siyo jiwe, kitu kinachobembea kina mahali kinaposimama, na ukifuata kitu usisimamishe mikono. Nilichojifunza kuhusu mimi mwenyewe ni kigumu zaidi. Sasa hivi mwanafunzi wangu akikosea haondoki uwanjani sijamwambia. Hata yule ambaye kesho atanizidi.

Mnaojua shabaha humu, leteni ujuzi wenu, hasa wa kupiga penye upepo, maana Mpanda sijui kwao kukoje. Na mnaotaka kunipasha nipasheni tu, nitasoma zote.

Jumamosi Masunga ana mtihani wa ile nafasi, hukohuko Mpanda. Nimeomba ruhusa na tiketi ya basi ninayo. Jana jioni amefyatua ishirini kwenye bembea, amepata kumi na tisa. Nilimwonyesha ile moja ilipokwenda kabla hata ganda la risasi halijapoa.