Somo la Nne la Makena

Ukitaka kuujua ujinga wetu sisi Wakenya wa Rockville, huku Maryland, Marekani, njoo kanisani kwetu baada ya ibada, chai ikimiminwa. Mwenye kesi humuuliza dereva, mwenye uvimbe humuuliza msusi. Ofisini hatuendi, maana ofisini kuna kompyuta, na tunaambiana kompyuta haisahau jina.

Makena, binti wa Meru, naye aliuliza hapohapo, Machi 2006. Alikuwa na viza ya mwanafunzi, na huo ulikuwa muhula wake wa mwisho katika chuo kidogo cha miaka miwili. Barua ya chuo kikuu kule Fairfax alikuwa ameshaitia ndani ya Biblia: angeanza uuguzi Agosti, mradi amalize na apate B ya kemia. Alibakiza masomo matatu tu. La nne, historia ya sanaa, alilichukua kutimiza hesabu ya viza, inayodai masomo manne kila muhula, na sasa lilikuwa linammaliza. Kila wiki insha juu ya masanamu yasiyo na mikono, huku kemia ikimponyoka.

"Li-drop tu," Mzee Peterson alimwambia akimega mandazi. "Si una-graduate? Mtu anayemaliza hahesabiwi."

"Na viza, mzee? Nilitaka kwanza niulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni."

"Ofisi!" Peterson alicheka mpaka chai ikamwagika. "Uende mwenyewe kuwaambia unapunguza masomo? Hao watu usiwaamshe, msichana wangu."

Peterson aliingia nchi hii kwa bahati nasibu ya grini kadi. Viza ya mwanafunzi hajawahi kuishika hata siku moja, na Makena alilijua hilo. Lakini ni mzee wa kanisa, ana nyumba yake, tena huongea bila kusita, na sisi mtu wa namna hiyo tunamwamini kuliko karatasi. Jumatatu Makena alibonyeza kitufe, historia ya sanaa ikafutika.

Kemia alipata A.

Mei akaenda ofisi ile kuomba faili lake lihamishiwe Fairfax. Mama mmoja mwenye miwani aliitazama skrini, akaitazama tena.

"Ulishuka chini ya masomo manne bila ruhusa," alisema. "Uanafunzi wako wa viza umefutwa tangu Aprili. Siwezi kukuhamisha."

"Lakini yalibaki matatu tu!"

"Najua. Muhula wa mwisho tunaruhusu. Ungekuja kabla ya kulifuta, ningekutilia sahihi. Ni fomu moja, dakika tano."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Makena. Angeweza kuandika barua kuomba arudishiwe uanafunzi huo, aliambiwa, ila jibu huchukua miezi, na wengi hukataliwa. Fairfax hawangemngoja.

Hakumwambia mtu. Peterson akijua saa nne, saa sita Maryland nzima inajua kwamba Makena hana karatasi. Jumapili aliitwa mbele ya kanisa akiwa na gauni la kijani alilolinunua kwa sherehe ya kuhitimu. Wakampigia vigelegele, wakamwombea baraka za Fairfax, naye akaitikia amina kwa sauti.

Kwenye chai alimkuta Peterson amemshika bega Simiyu, aliyekuwa mwalimu Bungoma, mwenye viza kama ile ya Makena. Simiyu alitaka kuchukua masomo matatu muhula ujao, ila alifikiria kupita ofisini kwanza.

"Ofisini kufanya nini?" Peterson alisema. "Muulize huyu. Mimi ndiye nilim-advise, na ona leo!"

Simiyu akamgeukia. "Ni kweli, dada? Nisiende?"

Makena angeweza kumvuta kando. Neno moja lingetosha. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na tusidanganyane, kulikuwa na kitu kibaya kimemwamkia kifuani: kwa nini huyu avuke na yeye abaki?

"Ni kweli," akasema, akachukua birika na kumwongezea chai.