Mke Wangu Ananiombea Dua Nitoke Shambani, Kumbe Nilikuwa Paris Nakula Keki

Admin, naomba ufiche jina langu, maana watu wa Muheza wengi wamo humu.

Leo ni Ijumaa, tarehe 4 Septemba 2015. Nina miaka miwili na miezi mitatu tangu nitoke nyumbani. Umri wangu ni miaka 33, nina mke na mtoto mmoja wa kike ambaye sijawahi kumbeba, kwa sababu nilimwacha tumboni. Shule niliishia darasa la sita. Nyumbani nilikuwa napakia machungwa kwenye malori. Hapa Doha ni dereva wa familia moja ya Al Rayyan, ingawa udereva ni jina tu. Mitungi ya gesi nabeba mimi, bustani namwagilia mimi, magari naosha mimi kabla jua halijawaka.

Likizo yangu ilikuwa mwezi wa saba, baada ya Idi. Mke wangu, nimwite Mama Salma, alishanunua mbuzi wa akika. Alisema mtoto hawezi kufanyiwa akika baba yake hayupo, kwa hiyo walikuwa wananisubiri. Basi Ramadhani ikiwa katikati, tajiri wangu akaniita. Wao kila kiangazi hukimbilia Ulaya kula na kununua vitu. Mama yake ni mtu mzima, miguu haina nguvu, na safari hii alitaka mimi ndiye nisukume kiti chake cha magurudumu. Tajiri akaniambia, "Chagua mwenyewe. Ukitaka, nenda kwenu kama tulivyopatana. Ukija na sisi, likizo utaipata mwezi wa kumi. Sitakulaumu."

Huyu mama yake, sote tunamwita Bibi, alizaliwa Unguja, akaolewa huku Doha akiwa msichana, na Kiswahili bado anacho. Akaniuliza hapo hapo, "Mkeo karidhia? Haki ya mke nzito, mie siibebi."

Nikamjibu, "Karidhia, Bibi." Na simu nilikuwa sijapiga.

Ndugu zangu, sikulazimishwa. Nilitaka kwenda. Tangu nipate akili napakia mizigo ya safari za watu, nikatamani mara moja na mimi niwemo. Na niseme ukweli wote, nyumbani nilikuwa napaogopa. Ukishuka kutoka Uarabuni, kila mtu ana shida yake aliyokuwekea. Nikampigia mke wangu nikamwambia tajiri amekataa kunipa likizo, ananipeleka shamba lake la Umm Salal kulinda ngamia, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Mke wangu akasema, "Basi mbuzi tutazidi kumlisha. Wewe jitunze, Baba Salma, jua la huko lisije likakuua."

Tukaenda London, Vienna, Milan, tukamalizia Paris. Asubuhi madukani, mimi nasukuma kiti huku mifuko ya mabinti wa tajiri imening'inia mabegani mpaka Bibi akawa ananicheka, "Umekuwa kabati weye." Jioni ni kula. Bibi ana sukari, vitamu vyote amekatazwa, lakini alikuwa anaagiza hivyo hivyo, anausogeza ule mkate mtamu au keki mbele yangu. "Kula we, unihadithie." Nami nakula, namhadithia: hii inayeyuka kama samli, hii ina uchachu kama wa ukwaju, hii, Bibi, hukukosa kitu. Anacheka mpaka mtandio unamdondoka. Mama yangu mzazi sijawahi kukaa naye meza moja namna ile.

Paris, siku moja kabla ya kurudi, tumekaa nje ya mgahawa, keki ya chokoleti iko mbele yangu nimeshaila nusu. Simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mke wangu. Nikaiweka sikioni.

"Baba Salma, sijui huu utakufikia lini huko porini. Leo tumesoma Yasini hapa nyumbani, wanawake wa mtaa wote wamekuja. Tumemwomba Mungu amlainishe moyo huyo tajiri wako akuachie. Mama yako kalia mpaka kashindwa kuitikia amina. Na Salma leo kaitikia, ukimsikia utacheka."

Nyuma yake nikasikia kasauti ka mtoto kanasema "mina, mina."

Bibi akaniuliza, "Mbona leo huhadithii? Haina ladha?"

Nikasema, "Inayo, Bibi." Nikaimaliza yote, maana sikujua nifanye nini kingine.

Huyo tajiri wanayemwombea alainike moyo alikuwa kiti cha pili, anamfuta mtoto wake mdomo.

Sasa tumerudi, na mambo yamefika hapa. Bibi anakwenda Hija mwezi huu. Mnajua mtu akienda Hija huomba radhi kwanza kwa watu wake. Ameshamaliza ndugu na majirani, kabaki mke wangu. Amemnunulia mtandio Milan, umo kabatini kwake, lakini anasema zawadi siyo radhi. "Nipigie bibie nizungumze naye mwenyewe. Nimemchelewesha mumewe, sendi kwa Mola na haki ya mtu shingoni." Nimeshamdanganya mara mbili kwamba simu ya nyumbani haipatikani. Leo baada ya sala amesema Ijumaa ijayo atatumia simu ya mwanawe, na nisimletee maneno.

Na mke wangu, nilipomgusia tu kwamba mama wa tajiri anajua Kiswahili, alisema, "Mlete kwenye simu. Nimuulize kamzaa vipi mtoto asiye na huruma."

Nikimwambia mke wangu ukweli, sijui kama atanisubiri, na wanawake wote waliosoma Yasini ile watajua. Nikimwambia Bibi, nitakuwa nimemvunja mzee wa watu aliyenifanya mwanawe, tena mguu mmoja uko njiani kwenda Makka. Nikinyamaza, wataambizana wenyewe.

Naombeni mnisaidie kabla ya Ijumaa: nianze na nani, na nianzeje? Msinihurumie, nielekezeni tu. Bibi akirudi Hija ndipo napewa tiketi, mwezi wa kumi, wiki ya pili. Mbuzi bado yuko hai. Mama Salma anasema sasa kanenepa hadi kamba imekuwa fupi.